Ugali laini, ugali mgumu: ubishi wa mezani huanzia mashineni

Mkenya akikaa kwa mama lishe wa Kariakoo na sahani ikamfikia, swali lake la kwanza huwa: "Huu ni ugali au uji?" Mtanzania wa Dar akikaa kwenye kibanda cha Nairobi, akikatiwa pande lililosimama wima sahanini, naye ana lake: "Huu si wa kula, ni wa kujengea." Wote wawili wanakula mahindi meupe, maji na moto, bila hata chumvi. Lakini kila mmoja anaupima ugali wa mwenzake kwa mboga ya kwao, na hapo ndipo ubishi unapokosa mwisho.

Ugali hauliwi peke yake. Tonge ni chakula, lakini pia ni chombo: unalimega, unaliviringisha, unalibonyeza kwa dole gumba likawa na kishimo, kisha unatowelea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ugali ni mgumu au laini, uliza kitoweo ni kipi.

Sukuma wiki iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya haina mchuzi wa maana. Nyama choma haina kabisa; ina chumvi na kachumbari pembeni. Tonge la hapo lazima libebe majani, likamate kipande cha nyama, lisafishe mafuta sahanini bila kuvunjika. Ugali laini ukiubonyeza unafuata kidole. Samaki wa Kisumu naye, aliyekaangwa kisha akarudishwa kwenye rojo la nyanya, anataka mkono mmoja ufanye kazi mbili: vidole viwili vinachambua miiba huku tonge limetulia kiganjani. Kuon, ugali wa Wajaluo, ikiwa laini, utakula miiba. Wakalenjin wanaokula kimyet, ugali wao, kwa mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa unga wa mkaa, wanataka tonge kavu kwa sababu umajimaji wote uko kwenye kikombe.

Sasa shuka Tanga, Dar, Bagamoyo. Huko tonge linakutana na mchuzi wa samaki wa nazi, maharage ya nazi, matembele, kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa tui. Tonge gumu ukilichovya kwenye tui linalowa nje tu, katikati linabaki kavu kama lilivyokuwa. La laini linakunywa mchuzi. Dodoma na Singida mambo yanageuka tena: mboga ni mlenda, na mlenda unateleza. Ukiuweka juu ya ugali laini wa sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, ni utelezi juu ya utelezi. Ndiyo maana mlenda umeoana na ugali wa uwele au mtama, wenye chembechembe zinazokwaruza kidogo na kuukamata ule ute.

Kwa hiyo mpaka wa ugali haufuati mpaka wa nchi. Wasukuma, na Wakurya wa upande wa Tanzania, wanausonga mgumu kuliko Wakenya wengi. Sima ya Mombasa, kwa kuwa nayo inakutana na tui, iko karibu zaidi na ugali wa Tanga kuliko na obusuma, ugali wa Waluhya wa Kakamega. Anayesema "Watanzania hawajui kusonga ugali" huwa ameishia Dar.

Mashine inaamua mengi kabla ya mpishi

Punje ya hindi ina sehemu tatu zinazotuhusu: ganda la nje, kiini chenye mafuta, na wanga mweupe unaojaza sehemu kubwa iliyobaki. Sembe hupatikana kwa kukoboa kwanza, ganda na sehemu kubwa ya kiini vikaondoka kama pumba, ndipo wanga ukasagwa. Katika gunia la kilo 100 hutoka sembe ya kama kilo 70. Kinachobaki ni chakula cha kuku na ng'ombe. Dona husagwa punje nzima, kwa hiyo karibu kilo zote zinarudi nyumbani. Wakenya hawana sana haya majina mawili. Wao wanatofautisha unga wa paketi, uliokobolewa na kuchekechwa, na unga wa posho mill, ambao kwa kawaida ni punje nzima iliyosagwa mtaani.

Tofauti hii si ya rangi tu. Sembe ni wanga karibu mtupu: inakunywa maji haraka, inaiva haraka, na inakupa ugali laini usio na chembe. Ganda lililomo ndani ya dona hunywa maji polepole. Hapo ndipo mpishi aliyezoea sembe anapoharibu. Anamimina kiasi kilekile cha unga, anaona ugali umelegea, anaongeza unga, anasonga, anafunika. Baada ya dakika 10 ganda limemaliza kunywa maji, ugali umekaza wenyewe na umekuwa jiwe. Dona isongwe ikiwa inaonekana laini kidogo kuliko unavyotaka, kisha iachwe ijikaze.

Kuna pia suala la chekeche la mashine. Matundu yakiwa madogo unga unatoka laini. Yakiwa makubwa, au chekeche likiwa limechakaa na kutoboka, zinapita chenga. Chenga huhitaji muda zaidi wa kuiva, na mtu akizikuta mdomoni husema "ugali haujaiva" hata kama mpishi amesonga nusu saa. Kosa hilo si la mpishi. Ukitoka mashineni sugua unga kati ya vidole viwili. Ukihisi mchanga, jua uji wako utahitaji kuchemka muda mrefu zaidi.

Baadhi ya nyumba, hasa kusini mwa Tanzania, zinaongeza hatua nyingine: mahindi yaliyokobolewa hulowekwa siku moja hadi tatu, huoshwa, huanikwa, ndipo yakasagwa. Unga wake ni mweupe pe, laini kama poda, na una uchachu wa mbali sana. Aliyekulia kwenye unga huo huona sembe ya dukani haina ladha. Aliyekulia kwenye sembe ya dukani huona ule umeharibika. Wote wanasema kweli kwa ndimi zao.

Mafuta ya kiini ndiyo yanayoipa dona ladha tamu ya mahindi, na ndiyo yanayoiharibu mapema. Sembe hukaa miezi kadhaa mahali pakavu. Dona, kwenye joto la Pwani, inaanza kutoa uchungu na harufu ya mafuta yaliyozeeka ndani ya wiki chache. Mgahawa unaojisifu kwa dona lakini unanunua kwa magunia unakuuzia uchungu. Dona nzuri ni ya kusaga kidogo kidogo.

Halafu kuna ile kauli inayozagaa, kwamba dona ni ya afya na sembe ni ya bure. Nusu yake ni kweli: nyuzinyuzi na vitamini nyingi za kundi B ziko kwenye ganda na kiini. Nusu ya pili husahaulika. Sumukuvu, ile sumu ya kuvu wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kukoboa hupunguza, kuchambua punje zilizobadilika rangi hupunguza zaidi, lakini dawa hasa ni kukausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, atikise, aiache ikae kidogo: chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Dona ya mahindi makavu, safi, ni chakula bora kuliko sembe. Dona ya mahindi yaliyonyeshewa ghalani ni hatari kuliko sembe. Usiulize tu kama ni dona, uliza mahindi yametoka wapi.

Rangi nayo ina siasa yake. Mahindi ya njano hayana kosa lolote, yana hata viini vya vitamini A ambavyo meupe hayana. Lakini Kenya iliyaagiza wakati wa ukame wa 1984, yakaliwa kwa shida, na tangu hapo kizazi kizima kinayahesabu kuwa chakula cha msaada au cha mifugo. Hakuna mgahawa utakaothubutu kukuwekea ugali wa njano Nairobi. Na huko Kenya paketi ya kilo 2 ya unga ni kipimo cha maisha yenyewe: mwaka 2017 serikali ililipia ruzuku hadi ikauzwa shilingi 90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, ikatangazwa shilingi 100. Ni vyakula vichache vinavyoweza kuitisha kikao cha baraza la mawaziri.

Kwenye sufuria

Kwa watu wanne, chukua maji lita 1 ya kupikia na kikombe kingine cha maji ya moto ya akiba. Unga wa sembe kwa ugali laini wa mchuzi ni kama gramu 400. Kwa ugali mgumu wa nyama choma ni gramu 500 hadi 550. Kwa dona anza kwa kupunguza gramu 50 katika kiasi hicho. Vipimo hivi si sheria, kwa sababu unga wa kila mashine unakunywa maji kivyake. Maji ya akiba ndiyo bima yako.

Toa robo lita katika ile lita moja, ikiwa ya baridi, ukoroge humo gramu 100 za unga mpaka madonge yaishe. Yaliyobaki yachemke. Mimina ule mchanganyiko kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, upate uji. Sasa uache uji uchemke dakika 5 kamili, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo, na mkono uwe mbali kwa sababu uji huruka na kuunguza. Wapishi wengi huziruka dakika hizi.

Zina kazi kubwa. Wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba kati ya nyuzi 62 na 72 za Selsiasi. Unahitaji vitu viwili kwa pamoja, joto na maji. Kwenye uji maji yapo tele na joto linazunguka vizuri. Ukishaanza kusonga, maji huru yanaisha, joto linapita kwa shida, na chembe ambayo haijavimba inavimba kwa shida hata ukifunika. Chini utapata ukoko mweusi, katikati unga mbichi. Ugali mbichi una dalili tatu: harufu ya unga mkavu, ulimi unahisi vumbi, na tonge linaganda kwenye vidole hata ukivilowesha.

Baada ya uji, tia unga uliobaki kwa mafungu matatu, kila fungu likisongwa mpaka lipotee ndipo lije jingine. Kusonga si kukoroga. Mwiko unaukandamiza ugali kwenye ukuta wa sufuria, unaukunja, unaurudisha. Kisha punguza moto, funika dakika 4, geuza, kandamiza, funika tena dakika 4. Ugali ulioiva unaachia sufuria wenyewe, unatoa harufu ya hindi la kuchoma kwa mbali, na ukoko wake unabanduka mwembamba kama karatasi.

Wakenya wengi hawaanzi na uji wa pembeni. Wanamwaga unga juu ya maji yanayochemka, wanauacha utokote kidogo, ndipo wanasonga. Njia hiyo hukubali kwa unga wa paketi uliochekechwa sawasawa, na kwa mkono wenye nguvu. Hatari yake ni madonge: unga mkavu ukigusa maji ya moto, nje ya bonge huvimba papo hapo na kufunga kama ngozi, ndani kunabaki kavu. Donge linavunjwa likiwa bado kwenye hatua ya uji, kwa kulibana ukutani mwa sufuria. Ugali ukishakaza huliwezi tena. Litaishia kwenye tonge la mgeni.

Ukizidisha ugumu, ongeza maji ya moto, kidogo, toboa mashimo kwa mwiko ili yaingie, funika, songa. Maji ya baridi yanateremsha joto na kuacha mabaka ya uji ndani ya ugali. Ukizidisha ulaini, usimwage unga mkavu ukapakua hapo hapo, kwa maana huo unga wa mwisho haujaiva. Upe walau dakika 5.

Na ile hadithi kwamba Nairobi ugali hausongeki vizuri kwa sababu ya mwinuko, haina mashiko. Ni kweli kwamba kwenye mita karibu 1,700 maji huchemkia kama nyuzi 94 badala ya 100. Maharage yatakuchelewesha kwa sababu hiyo. Wanga wa ugali, unaoiva kwenye 72, hauna habari.

Kwa nini wa hotelini haufanani na wa nyumbani

Kwanza tuwekane sawa kwenye neno. Kenya na Tanzania "hoteli" inaweza kuwa banda la mabati lenye benchi mbili. Haihusiani na vitanda.

Ugali wa hotelini hupikwa kwa wingi na kwa saa ya wateja. Sufuria yenye unga wa kilo 10 inasongwa kwa mwiko mrefu kama kasia, mtu amesimama, mwingine ameishika sufuria isizunguke. Kwa wingi huo joto la chini haliwahi kufika katikati, kwa hiyo mpishi mzoefu hutegemea uji: anauchemsha hata dakika 15 kabla ya kutia unga. Asiye mzoefu anaona saa 6 mchana imekaribia, anakata uji, na wateja 60 wanakula ugali mbichi. Pale unaposikia watu wakisema ugali wa mahali fulani "unajaza tumbo gesi", mara nyingi ni huu.

Kisha unaingia kwenye hotpoti. Hapa ndipo malalamiko mawili yanayoonekana kupingana yanapozaliwa kwa mama mmoja. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unageuka matone, unadondoka. Nje ugali unakuwa na jasho na unateleza. Ndani, kadiri unavyopoa, wanga uliovimba unaanza kujipanga upya na kuyakamua maji, kwa hiyo kiini kinakaza. Mteja wa saa 7 mchana anakula ugali mzuri. Wa saa 9 anapata sahani ileile ikiwa imelowa nje na kukakamaa ndani. Mmoja atasema hoteli ile ina ugali mtamu, wa pili ataapa kwamba hajawahi kuona ugali mbaya kama ule, na ni sufuria moja.

Dawa ni rahisi, na inashangaza ni wangapi hawaitumii: kitambaa safi kikavu chini ya mfuniko kinakunywa jasho, na mapishi mawili madogo, moja la saa 6 na jingine la saa 8, ni bora kuliko moja kubwa. Ugali ulioanza kukaza huokolewa kwa mvuke, si kwa moto mkavu: vipande kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, dakika 10.

Ule mviringo unaong'aa, uliofinyangwa kwa bakuli lililoloweshwa, hauna maana yoyote kuhusu kuiva. Ni urembo. Mega, bonyeza, nusa. Kwenye sehemu za nyama choma kuna kipimo kingine: nyama inakaa jikoni dakika 40 au zaidi, na jiko linalojua kazi yake huanza ugali nyama ikikaribia. Ukiagiza, na ugali ukafika dakika 5 baadaye kabla ya nyama, ujue ulikuwa unakusubiri wewe.

Ukienda magharibi, hindi linapungua

Hindi lenyewe ni mgeni. Lilitoka Amerika likafika pwani yetu enzi za Wareno, na muhogo nao vivyo hivyo. Kabla yake ugali ulikuwa wa mtama, uwele na ulezi. Ulezi ndio Wakenya wanaouita wimbi, na rangi yake ya kahawia bado inaheshimika mezani Nyanza, mara nyingi ukichanganywa na mtama na muhogo.

Kuzunguka Ziwa Victoria na kwenda Ziwa Tanganyika muhogo unashika hatamu. Mwanza utakuta udaga, muhogo uliovundikwa ukaanikwa. Kigoma ugali wa muhogo unaliwa kwa samaki aina ya mgebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese. Pwani, hasa Tanga, ugali huohuo huitwa bada. Mlaji wa sembe akiuona kwa mara ya kwanza husema "unavutika kama gundi", na anadhani ameshaukosoa. Lakini kuvutika ndiyo sifa yake. Muundo wa wanga wa muhogo si sawa na wa mahindi: unanata, unavutika, na haukazi haraka ukipoa. Mvuvi anayeondoka alfajiri na ugali wake anataka uwe laini bado mchana; sembe ingekuwa imeshakuwa tofali.

Usongaji wake ni tofauti pia. Hakuna uji wa dakika 5. Maji yakichemka, unga unamiminwa karibu wote kwa mpigo, moto unapunguzwa, na unasongwa haraka kwa nguvu mpaka rangi igeuke kutoka nyeupe ya chaki kuwa ya kijivu inayong'aa. Sehemu yoyote iliyobaki nyeupe ni mbichi. Wanaoanza wachanganye nusu muhogo nusu mahindi. Ndivyo nyumba nyingi zinavyofanya hata bila kuwa wanagenzi, kwa sababu mahindi hupunguza mvutiko na muhogo huzuia kukaza.

Hapa kuna jambo moja lisilo la utani. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kazi ya kuvundika siku tatu au zaidi na kuanika ni kuitoa. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, katika kipindi cha ukame ambapo muhogo uliliwa bila kutengenezwa inavyopaswa. Unga wa muhogo wenye uchungu usipikwe.

Ukivuka kwenda Kongo jina linakuwa bukari au bugali, na fufu. Lubumbashi bukari ni ya mahindi. Kivu muhogo una nafasi kubwa zaidi, na sombe (kisamvu chetu) haikosi. Uganda wanaita posho, jina lililotokana na mgao wa chakula waliopewa vibarua, na mpaka leo Buganda posho hubeba harufu ya shule na kambi mbele ya matoke ya heshima. Mtanzania akisikia posho anafikiria vikao na bahasha.

Kuagiza bila kukosana

Neno linalowachanganya watu zaidi si ugali, ni mboga. Tanzania mboga ni chochote kinachotowelewa: "Mboga leo nini?" "Nyama." Kenya mboga ni majani. Mtanzania akiagiza Nairobi "ugali na mboga" akitarajia kuulizwa anataka ipi, ataletewa sukuma au kabichi, na hatakuwa ameonewa. Mkenya akiagiza Dar "ugali nyama" ataletewa nyama, lakini pia maharage, mboga za majani na pengine kipande cha tikiti au ndizi, na atadhani atatozwa kila kimoja. Hatozwi, ndiyo sahani yenyewe.

Kwa mama lishe unaweza kuomba "niwekee mchuzi wa kutosha" bila kulipa zaidi. Kwenye kibanda cha Nairobi neno ni supu, na nayo mara nyingi ni ya bure ukiiomba kwa adabu. Ukitaka ugali mgumu Dar, sema mapema, "nisongee mgumu", kwa sehemu inayosonga kwa oda. Kwa mama lishe hautapatikana, kwa sababu sufuria ni moja na wateja ni wa mchuzi. Na ukienda Dodoma ukute ugali wa uwele, usiombe nyama choma pembeni. Omba mlenda wenye karanga, umege, kisha ndipo utoe hukumu.

Walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wana shida yao. Polenta ya dukani ni mahindi, ila mara nyingi ni ya njano na yenye chenga. Ipitishe kwenye blenda, na uji wake uchemke hata dakika 15. Semolina ni ngano. Itakupa kitu kinachofanana na ugali kwa macho, kinachonata kama ulimbo mdomoni. Ule unga wa Kimeksiko wa kutengenezea chapati za mahindi haufai kabisa, kwa sababu mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa na ladha yake haifichiki. Tafuta unga mweupe kwenye maduka ya Waafrika, na angalia tarehe kama ni wa punje nzima.

Ukibaki, usiutupe. Kiporo cha sembe ngumu hukatwa vipande vya unene wa kidole, hukaangwa kwa mafuta kidogo mpaka pande zote zipate rangi, kikaliwa na chai. Cha sembe laini hakikatiki, kitavunjika kikaangoni. Hicho kivunje kabisa, uchanganye na maharage ya jana na tui kidogo, upashe. Cha muhogo kiliwe hivyo hivyo kilivyo.